Vijia vya Gihundwe: safari ya miguu inayofuata maji

RUSIZI – Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya Ziwa Kivu na pikipiki za Kamembe hazijaanza kelele zake. Wavuvi wa sambaza ndio kwanza wanarudi, mitumbwi yao imefungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, taa za usiku zimezimwa. Huu ndio wakati mzuri kwa kundi linalotaka kuizunguka Gihundwe kwa miguu. Ikifika saa nne jua linachoma, na katika miezi ya mvua, mchana hauaminiki.

Gihundwe ni moja ya tarafa 18, au imirenge kama wenyeji wasemavyo, za Wilaya ya Rusizi katika Mkoa wa Magharibi. Wengi wanaijua kwa hospitali na shule zenye jina lake, au wanaipita tu wakienda mjini Kamembe. Wachache huiona kama mahali pa matembezi. Ila mtu akiacha barabara kubwa na kuingia kijia chochote kinachoteremka bondeni, ndani ya nusu siku atakuwa amepita mashamba, kichaka cha mikalitusi, kingo za mifereji na hatimaye ufuko wa ziwa.

Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, wakimaanisha kwamba kuzurura hakuzai kitu. Wanyarwanda nao wana neno lao: akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze, yaani kindege kisichoruka hakijui kulikoiva. Kati ya methali hizo mbili ndipo lilipo swali ambalo Rusizi inajiuliza kila inapozungumzia utalii wa miguu. Je, mtembezi hula miguu yake tu, au anaweza kuacha kitu kulikoiva?

Mashamba yaliyokatwa ngazi

Hatua za kwanza ni za kuteremka. Kijia kina upana wa mtu mmoja na jembe lake, kwa hiyo kundi hulazimika kwenda kwa mstari. Kushoto kuna migomba, kulia maharage na mihogo, mbele kidogo viazi vitamu vilivyotambaa juu ya matuta. Kahawa huonekana kwa majani ya kijani kibichi yanayong'aa, ardhi chini yake ikiwa imefunikwa nyasi kavu ili unyevu usitoroke.

Mgeni anayetoka nchi zenye mapori makubwa hushangaa kuona hakuna nafasi iliyobaki wazi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2 nchini Rwanda, zaidi ya watu 500 kwa kila kilomita moja ya mraba. Katika usajili wa ardhi uliofanyika nchi nzima, zaidi ya vipande milioni 10 viliandikishwa na wenyewe wakapewa hati. Kila tuta lina jina la mtu. Kijia kilicho katikati ya matuta ndicho cha wote, na kinabaki wazi kwa sababu kila jirani anakihitaji kesho.

Mlima umekatwa ngazi. Juu ya kila ngazi kuna mfereji mfupi uliochimbwa kufuata usawa wa kilima, na ukingoni mwake nyasi za mifugo zimepandwa kushikilia udongo. Wenyeji huiita imirwanyasuri, kazi za kupigana na mmomonyoko. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji huingia mferejini, hutulia, hunywewa na ardhi polepole. Pasipo mfereji huo, maji hayo yangeshuka kwa kasi na kuondoka na udongo wa shamba hadi ziwani.

Kazi hii haikufanywa na mashine. Sehemu kubwa imetokana na umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na sehemu nyingine na mpango wa VUP ulioanza mwaka 2008, ambao huwapa kazi za mikono watu wa kaya maskini na kuwalipa. Kwa hiyo mtembezi anayesifia mandhari anasifia majembe ya watu. Ukingo mmoja ukivunjwa na viatu vya watu 20 wanaokatiza njia, atakayeutengeneza si wao.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya matembezi ya kundi huku ni rahisi: fuata aliye mbele, usikatize shamba. Kanuni ya pili ni kusalimu. Mwaramutse kabla ya mchana, mwiriwe baada yake, na muraho kwa mtu ambaye hamjaonana siku nyingi. Mwenye Kiswahili hapotei pia. Kamembe ni mji wa biashara na mpaka, na salamu ya "habari za asubuhi" hujibiwa bila kusita na wengi.

Mikalitusi na msitu wa kweli

Baada ya mashamba kijia hupanda tena, na kivuli huanza. Ni mikalitusi, inturusu kwa Kinyarwanda, mti uliotoka Australia na kuletwa Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20. Harufu yake hujaza pua, majani makavu hulia chini ya viatu. Watembeaji hupumzika hapa, na hapa ndipo mazungumzo huanza kuchangamka.

Mti huu una wapenzi na wapinzani. Unakua haraka, unatoa nguzo, kuni, makaa na mbao za kujengea, na mwenye kipande chake cha mikalitusi ana akiba ya ada ya shule iliyosimama wima. Lakini hunywa maji mengi, na chini yake mimea mingine haistawi vizuri. Ndege pia ni wachache. Anayetaka kujua tofauti ya kichaka cha kupandwa na msitu wa asili hana haja ya kwenda mbali sana.

Mashariki ya Rusizi umesimama Nyungwe, msitu wa milimani wenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000, aina 13 za nyani na jamaa zao, na mvua inayoulisha mwaka mzima. Mwezi Septemba 2023 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Karibu zaidi, ndani ya wilaya hiyo hiyo, kuna Cyamudongo, kipande kidogo cha msitu kilichotenganishwa na Nyungwe na mashamba ya watu. Humo bado wanaishi sokwe. Kipande hicho kinasimamiwa kama sehemu ya hifadhi ya Nyungwe, na kinaonyesha jinsi kilimo kilivyoukata msitu hadi ukabaki kisiwa.

Mtembezi aliyeketi kwenye kivuli cha mikalitusi ya Gihundwe anaweza kuona milima ya upande huo ikiwa ya bluu kwa mbali siku isiyo na ukungu. Zamani msitu ulikuwa mkubwa kuliko ulivyo leo.

Chai ya Shagasha na mnada wa Mombasa

Jina la Shagasha ni maarufu kuliko la Gihundwe yenyewe, kwa sababu limeandikwa kwenye magunia ya chai. Mashamba ya chai ya eneo hili huonekana kama mkeka uliotandikwa juu ya vilima: vichaka vimekatwa usawa wa kiuno, na katikati yake kuna vichochoro ambamo wachumaji hupita na vikapu mgongoni. Huchumwa majani mawili na chipukizi. Likikaa sana, jani hukomaa na kupoteza bei, kwa hiyo wachumaji hurudi kichaka kile kile kila baada ya siku chache.

Mwaka 2012 viwanda vya Shagasha na Mulindi vilibinafsishwa kwa mpango uliowaingiza wakulima wa chai kama wenye hisa. Ni jambo kubwa kwa wilaya ambayo familia nyingi huishi kwa mauzo madogo madogo. Sehemu kubwa ya chai ya Rwanda husafirishwa hadi Mombasa, ambako huuzwa mnadani pamoja na chai ya Kenya, Uganda, Burundi na Tanzania. Jani lililochumwa asubuhi katika kilima cha Rusizi huamuliwa bei na mtu aliye kando ya Bahari ya Hindi.

Kundi linalopita mashamba ya chai linapaswa kuomba ruhusa kwanza, na kukumbuka kwamba wachumaji hulipwa kwa kilo. Kumsimamisha mchumaji dakika kumi kwa ajili ya picha ni kumpunguzia uzito wa kikapu.

Maji yanakwenda wapi?

Chini ya vilima ndipo njia ya mifereji inapoanza. Mabonde ya Rwanda yalikuwa vinamasi, na ili yalimike ilibidi maji yaelekezwe. Mfereji mkuu hupita katikati, vifereji vidogo huingia kutoka pembeni, na udongo uliochimbwa hurundikwa ukingoni, ukawa njia. Hapa kutembea ni raha: hakuna mlima, kuna sauti ya maji, na kando kuna mboga, mahindi na magimbi. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, vilima vikiwa vimekauka, bonde huwa ndilo lenye chakula.

Ukitupa jani mferejini na kulifuata kwa akili, safari yake ni ndefu. Maji ya Gihundwe huingia Ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Kivu hupumua kwa mlango mmoja tu, Mto Rusizi, ambao huanzia kusini mwa ziwa kati ya Rusizi na Bukavu na kuwa mpaka wa Rwanda na Kongo. Mto huo hukimbia kusini kwa kilomita 117 hivi hadi Ziwa Tanganyika, ukipita kati ya Kongo na Burundi. Tanganyika nalo hutokea magharibi kwa Mto Lukuga, unaoingia katika mfumo wa Mto Kongo, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki.

Hivyo mfereji wa shamba la Gihundwe unagusa Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia kabla ya kuifikia bahari. Kilomita chache mashariki, kwenye mgongo wa milima ndani ya Nyungwe, tone jingine la mvua ile ile huteremka upande wa pili, huingia Nyabarongo na Akagera, kisha Ziwa Victoria na Mto Nile hadi Misri. Mgongo huo ndio unaoitwa mpaka wa maji wa Kongo na Nile.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Wanajiolojia wanaeleza kwamba zamani maji ya eneo la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zilipoinuka zilifunga njia, ziwa likajaa, na maji yakapata mlango mpya kusini. Rusizi ni mto uliozaliwa na moto.

Mto huu ulimaliza pia mabishano makubwa ya wazungu. Mwezi Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kaskazini mwa Tanganyika kutazama kama Rusizi inatoka ziwani au inaingia. Wenyeji walikuwa wanajua jibu siku zote: inaingia. Kwa hiyo Tanganyika halikuwa chanzo cha Nile kupitia mto huo.

Leo mteremko wa Rusizi ni mali. Kati ya Kivu na tambarare ya Bugarama, mto hushuka zaidi ya mita 500. Bwawa la kwanza la umeme lilijengwa Mururu mwishoni mwa miaka ya 1950. La pili, lililoanza kazi mwaka 1989, liliwekwa chini ya kampuni ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo, ndani ya jumuiya ya CEPGL iliyoundwa mwaka 1976. La tatu, lenye lengo la megawati 206, limekuwa katika mipango kwa miaka mingi. Mpango mmoja wa umeme unazihitaji nchi tatu kukubaliana; udongo mmoja unaoporomoka kilimani huziba mitambo ya wote.

Kwa watembeaji wenye siku ya pili, mifereji mikubwa iko Bugarama, kusini mwa wilaya, ambako Rwanda, Burundi na Kongo hukutana. Hapo ndipo pahali pa chini kabisa nchini, mita 950 hivi juu ya bahari. Joto ni la kweli, mbu pia, na mashamba ya mpunga yametandazwa kwa zaidi ya hektari 1,000 yakinyweshwa kwa mifereji. Watu hutembea juu ya kingo wakiwa wamebeba miche kichwani. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanzishwa mwaka 1984, huonekana kwa mbali, na si mbali nacho kuna chemchemi ya maji moto inayoitwa Amashyuza. Mtu aliyetoka Gihundwe asubuhi na sweta huivua hapa.

Kiswahili kilifika kwa miguu

Matembezi ya makundi si jambo jipya katika nchi hii. Desemba 1893, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani, pwani ya Tanganyika, na msafara mkubwa wa wapagazi. Mwaka 1894 waliingia Rwanda kutoka mashariki, wakaivuka hadi Ziwa Kivu, kisha wakaendelea magharibi hadi Atlantiki. Jina lililobaki vitabuni ni la Götzen, ingawa mizigo ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi.

Miaka michache baadaye alikuja Richard Kandt, daktari aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile. Alijenga kituo chake karibu na Shangi, juu ya Kivu, kaskazini ya Gihundwe katika wilaya ya leo ya Nyamasheke. Ndiye aliyeanzisha Kigali mwaka 1907. Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1904, na umbali anaoueleza humo aliupita kwa miguu.

Wapagazi, askari na wafanyabiashara waliokuja na misafara hiyo walileta lugha yao. Kiswahili kiliingia Rwanda kwa miguu, kikaweka kambi kwenye masoko na bandari za ziwa, na hakikuondoka. Bunge lilipokifanya lugha rasmi mwaka 2017, huku Rusizi kulikuwa na wazee waliokuwa wakikitumia sokoni tangu utotoni.

Njia ya kilomita 227 na lami iliyoikuta

Rusizi ndiyo mwisho wa njia ya miguu maarufu kuliko zote nchini, Njia ya Kongo-Nile. Huanzia Rubavu kaskazini, hupita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, na kuishia Kamembe, kilomita 227 kwa jumla. Anayeitembea yote huhesabu siku kumi; mwenye baiskeli huimaliza kwa tano. Ni njia ya mashamba, vichaka, mashule na vijiji vya wavuvi, wala haina uzio wala lango la kulipia. Jina lake linatokana na ule mgongo wa maji.

Ilipoanza kutangazwa, sehemu kubwa ilikuwa barabara ya udongo. Katika miaka ya 2010 ikaja barabara ya lami kutoka Rubavu kupitia Karongi hadi Rusizi, na katika vipande kadhaa lami ilipita palepale watembeaji walipokuwa wakipita. Kwa mkulima, mgonjwa na mfanyabiashara wa samaki hiyo ilikuwa neema. Safari iliyochukua siku nzima kwenye matope sasa ni ya saa chache ndani ya gari dogo la abiria. Hakuna anayetamani udongo urudi.

Lakini mtembezi anayejikuta kwenye bega la lami, malori yakimpitia, hufanya uamuzi wa kawaida: anapanda basi. Akipanda basi, kijiji kilichokuwa kikimuuzia chai ya maziwa, viazi na malazi ya usiku hakimwoni tena. Fedha yake huteremka naye Kamembe, mbele ya hoteli. Utalii wa miguu una thamani kwa kijiji kwa sababu ni wa polepole; kila saa ya njaa au kiu ni nafasi ya mtu kuuza kitu.

Dawa ipo, nayo si ghali. Ni kuhamisha njia kutoka kwenye lami na kuirudisha kwenye vijia, kama hivi vya Gihundwe vinavyopita nyuma ya nyumba, juu ya kingo za mifereji na katikati ya mikalitusi. Kinachohitajika ni alama chache, waongozaji wanaojua mashamba ni ya nani, na makubaliano na wenye ardhi. Bila waongozaji wa kijiji, mgeni hufuata ramani ya simu, na ramani ya simu inaijua lami tu.

Wengine walivyofanya

Afrika Mashariki ina mifano. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walichimba mifereji yao, mifongo, karne nyingi zilizopita, na leo wageni wa Marangu huongozwa kando yake kupita migomba na kahawa. Huko Kenya, Wamarakwet huteremsha maji kutoka kilele cha Bonde la Kerio kwa mifereji ambayo koo zao huigawana na kuitunza hadi leo. Kote huko, anayetunza mfereji ndiye anayetunza njia, kwa kuwa ni ukingo ule ule.

Nairobi nako kuna Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea mwaka 1999 ulipokuwa ukigawiwa wajenzi. Sasa familia hutembea humo mwishoni mwa juma kwa kiingilio kidogo. Uingereza imekwenda mbali zaidi: njia za miguu zilizoandikishwa hulindwa na sheria, na mwenye shamba haruhusiwi kuzifunga hata kama zinakata uwanja wake katikati. Haki hiyo haikuja bure. Mwaka 1932 mamia ya wafanyakazi waliupanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa kuidai, na baadhi yao wakafungwa.

Rwanda ina nguvu yake ya pekee, nayo ni mazoea ya kutoka pamoja. Tangu mwaka 2016 Kigali hufunga baadhi ya barabara Jumapili maalumu ili watu wakimbie, watembee na kuendesha baiskeli, na wilaya nyingine zina siporo yao ya pamoja. Watu waliozoea kutoka kwa mamia kwenye lami hawatashindwa kutoka kwa makumi kwenye kijia.

Adabu ya kundi

Kwa anayepanga matembezi ya Gihundwe, miezi mizuri ni Juni hadi Agosti, na Januari hadi Februari. Machi hadi Mei kijia huwa utelezi, na kingo za mifereji hubomoka. Kundi la watu kumi au kumi na wawili linatosha, likizidi, ligawanywe. Fimbo husaidia kwenye mteremko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2008, kwa hiyo chakula kifungwe kwa kitu kingine, na takataka zirudi na mwenyewe.

Mwongozaji alipwe, hata kama njia inaonekana wazi. Ndizi na parachichi zinunuliwe njiani badala ya kubebwa kutoka mjini. Watoto watafuata kundi wakicheka na kuhesabu wageni. Wasipewe pesa, wapewe salamu. Karibu na maji, ikumbukwe kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilitenga mita 50 kutoka ufukoni mwa ziwa zisilimwe wala kujengwa. Ukanda huo ndio unaochuja udongo kabla haujaingia Kivu, na ndio pahali pazuri pa kumalizia safari kwa kivuli, mbele ya kisiwa cha Gihaya.

Kivu haina mamba wala viboko, na waogeleaji huingia bila hofu hiyo. Jioni, sambaza waliovuliwa usiku huuzwa wamekaangwa kwa pilipili na ndimu. Samaki hao wadogo wenyewe ni wageni: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazoea, na leo ni mboga ya pande zote mbili za ziwa.

Kutoka ufukoni hapo, Bukavu huonekana ng'ambo, nyumba zake zimepangana hadi majini. Umbali ni mdogo, lakini mpaka haupimwi kwa kilomita. Mwaka 2020 ulifungwa kwa ajili ya Uviko-19, na vita vya mashariki ya Kongo vimeuweka katika wasiwasi mara nyingi. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwenye karatasi ziwa hili sasa liko ndani ya jumuiya moja. Kwenye daraja, bado ni wanawake wenye beseni za nyanya kichwani wanaoijenga jumuiya hiyo kila alfajiri, hatua kwa hatua.

Wao ndio watembeaji wakubwa wa Rusizi. Hupita vijia hivi hivi, saa hizi hizi za ukungu, wakiwa na mzigo na bila viatu vya mlimani. Kundi la wageni likikutana nao kwenye ukingo mwembamba wa mfereji, adabu ni kusimama kando, kusalimu na kuwaacha wapite kwanza. Wana haraka, soko halingoji. Na njia ni yao.